Siku saba nikitafuta kazi za mafundi bodi wa Marekani

Jumatano: Columbus hadi Greenfield, Ohio

Tumetoka Columbus saa mbili asubuhi, mimi na shemeji, kwa gari lake. Yeye anaendesha malori ya masafa marefu, mimi ni fundi bodi. Kazi hii niliianzia Gerezani, Dar es Salaam, chini ya mzee mmoja ambaye mwaka mzima wa kwanza hakuniruhusu kugusa rangi; ilikuwa nyundo, msasa na kufagia. Leo nina miaka kumi na moja hapa Ohio nanyoosha magari yaliyogongwa. Likizo ya mwaka huu nimeitoa kwa magari ya zamani ya Kimarekani, hasa yale yaliyotoka machache, au moja tu, na bodi zake zikapigwa kwa mkono. Shemeji anapenda injini. Basi tumegawana: yeye ataangalia chini ya boneti, mimi nitaangalia maungio.

Detroit iko kaskazini, lakini kwanza tumeshuka kusini, mwendo wa zaidi ya saa moja, hadi mji mdogo wa Greenfield. Nilisisitiza mimi. Charles Richard Patterson alizaliwa utumwani huko Virginia, akaja Greenfield, akafanya uhunzi, mwishowe akawa na karakana yake ya magari ya kukokotwa na farasi. Mwanawe Frederick alipoirithi aliona farasi wanaondoka barabarani, na mwaka 1915 karakana ikatoa gari la injini lililoitwa Patterson-Greenfield. Ndiyo kampuni pekee ya Wamarekani weusi inayojulikana kuwahi kuunda magari. Yalitoka machache, na hakuna hata moja linalojulikana kubaki. Halikubaki gurudumu, haukubaki mlango.

Kilichonigusa zaidi ni walichofanya baadaye. Waliposhindwa kupambana na bei za viwanda vikubwa, wakaanza kuchukua chesisi za Ford na kampuni nyingine na kuzijengea bodi za mabasi, hadi walipofunga mwaka 1939. Kwetu mabasi mengi yamejengwa hivyo hivyo: chesisi inashuka bandarini tupu, na mafundi wanaivalisha. Nimesimama mbele ya kibao cha kumbukumbu nikakisoma mara mbili. Shemeji akaniacha, akaenda kutafuta maji.

Usiku tumelala Toledo.

Alhamisi: Dearborn, Michigan

Makumbusho ya The Henry Ford ni ukumbi ambao ukiingia asubuhi unatoka miguu inauma. Sitaandika kila kitu. Nimesimama sana mbele ya magari matatu.

La kwanza ni Tucker ya 1948. Preston Tucker, mtu wa Michigan hii hii, aliyaunda Chicago, na yakatoka 51 tu ukihesabu na lile la majaribio. Lina taa tatu mbele. Ile ya katikati hugeuka pamoja na usukani, kona inapokatwa nayo inamulika kona. Injini iko nyuma, silinda sita zilizolala, na asili yake ni injini ya helikopta iliyopozwa kwa hewa. Tucker na watu wake wakaibadilisha ipozwe kwa maji. Shemeji alichuchumaa nyuma ya gari muda mrefu akijaribu kuchungulia kupitia grili. Mimi niliangalia milango. Imekatwa ikaingia kwenye paa, kwa hiyo unapofungua, kipande cha paa kinafunguka nao na kichwa chako kinapita bila kuinama. Ukikata hivyo, maji ya mvua yote ya paa yanakutafuta wewe, na mpira wa kuzuia lazima ukae sawasawa pande zote. Hiyo ni kazi. Tucker alishtakiwa kwa utapeli, na Januari 1950 mahakama ikamwona hana hatia, lakini kiwanda kilikuwa kimeshakufa.

La pili ni Lincoln Continental ya 1961 aliyopigiwa risasi Rais Kennedy. Nilidhani gari kama hilo lingewekwa pembeni siku ile ile. Sivyo. Liliundwa kuwa la rais na mafundi bodi wa Hess & Eisenhardt wa Cincinnati, walioikata Lincoln ya kawaida katikati na kuirefusha; baada ya mauaji likarudishwa kwa mafundi, likawekewa paa la kudumu na kinga za risasi, likaendelea kuwabeba marais hadi 1977. Nilitafuta mahali walipounga. Sikupaona. Nimeunga magari miaka mingi, na sikupaona.

La tatu ni basi. Ni lile la Montgomery, Alabama, ambalo Rosa Parks alikataa kumpisha mzungu kiti mwaka 1955. Lilipoacha kazi lilikaa shambani miaka kama thelathini, limegeuzwa stoo ya mbao na vyuma, mabati yameliwa na kutu. Makumbusho yalilinunua mnadani mwaka 2001 na kulirudisha lilivyokuwa. Unaruhusiwa kupanda na kukaa. Nilikaa kiti cha nyuma, nikagusa ukingo wa dirisha kwa kidole. Shemeji alivua kofia.

Ijumaa: Detroit

Leo gari limetugomea. Tulikuwa tunakwenda Piquette Avenue, kwenye jengo la matofali la 1904 ambako Ford Model T ilizaliwa, taa ya betri ikawaka, na kabla hatujafika gari likazima kwenye maegesho ya duka. Altaneta. Gereji ya karibu ilitaja bei iliyomfanya shemeji acheke kwa uchungu. Akaenda kununua altaneta iliyotengenezwa upya, tukaifunga wenyewe pale pale juani, na tulipokwama kwa kukosa spana ndefu alitokea mzee mmoja wa Kimarekani na Pontiac GTO ya 1966, rangi ya bluu iliyokolea. Akafungua buti, akatoa sanduku la spana, akakaa nasi hadi injini ikawaka. Alipojua tumekuja kwa ajili ya nini, alituchorea ramani nyuma ya risiti: kesho, Royal Oak, kando ya Woodward, mfike kabla jua halijatoka.

Piquette tumeikuta imefungwa. Imeniuma.

Jumamosi: Woodward Avenue

Hii ndiyo siku niliyoisubiri.

Kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, maelfu ya magari ya zamani hupita polepole barabara ya Woodward, kati ya Ferndale na Pontiac, kutwa nzima. Jambo lenyewe lilianza 1995, watu wa Ferndale walipokuwa wanachangisha fedha za uwanja wa soka wa watoto. Barabara nayo ina jina lake katika historia: kipande chake cha maili moja, kati ya barabara za Six Mile na Seven Mile, kilimwagwa zege mwaka 1909, mapema kuliko karibu barabara yoyote ya Marekani. Na katika miaka ya 1960, usiku, hapa ndipo vijana na hata wahandisi wa viwanda walipokuja kushindana kwa mbio za taa hadi taa.

Mzee wa GTO alikuwa amekwisha kuweka viti, yeye na wenzake wanne, kila mmoja na chupa yake ya kahawa. Wana mchezo wao. Gari adimu likipita, mmoja anauliza swali, na asiyejua jibu anadaiwa kahawa. Asubuhi nzima nilidaiwa mimi. Nilijifunza kwamba Corvette za mwaka wa kwanza, 1953, zilitoka 300 tu, zote nyeupe, ndani nyekundu. Nilijifunza kwamba Camaro za 1969 zenye injini ya ZL1, inchi za ujazo 427, bloku yote aluminiamu, zilitoka 69, na kwamba muuzaji mmoja wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliagiza 50 kwa mkupuo.

Kisha ikapita Plymouth Superbird ya 1970, ya rangi ya machungwa, pua ndefu imechongoka, na lile bawa la nyuma refu kumpita mtoto. Hayo ni magari yaliyoundwa ili yashinde mbio za NASCAR, na sheria ilidai yauzwe pia kwa raia. Ndugu yake, Dodge Charger Daytona ya 1969, yalitoka 503, na kwa gari la aina hiyo Buddy Baker alipita maili 200 kwa saa kule Talladega tarehe 24 Machi 1970, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwenye kiwanja cha mzunguko. Wazee wakaanza kubishana kuhusu bawa. Mmoja: limepandishwa likutane na hewa iliyotulia juu ya paa. Mwingine: limepandishwa ili buti lifunguke. Ubishi huo ni wa zamani kuliko ndoa zao.

Mzee wa GTO akanigeukia. "Wewe fundi, nijibu. Kwa nini Superbird zote za barabarani zina paa lililofunikwa kwa ngozi ya plastiki?"

Gari lilikuwa limesimama kwenye taa, hatua kumi kutoka tulipo. Niliangalia kioo cha nyuma. Superbird ni Plymouth Road Runner iliyobadilishwa, na kioo kile si cha Road Runner. Kimesogezwa na kulazwa ili hewa ipite vizuri. Kwa hiyo mtu amekata bati, ameweka bati jipya kuzunguka kioo, amechomea. Na magari ni karibu 2,000, na kiwanda kina haraka.

"Wanaficha maungio," nikasema. "Kuyasafisha yote kwa mkono kungewachelewesha."

Wakapiga makofi, wote watano. Mzee wa mwisho kabisa, ambaye tangu alfajiri hakuwa amesema neno, akainuka na kunimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake.

Ni huyo mkimya ambaye baadaye alitusimulia kuhusu Chrysler Turbine. Mwaka 1963 Chrysler walianza kutoa magari 50 yenye injini ya tabo, jamii ya injini ya ndege, bodi zimeundwa na Ghia kule Turin, Italia, yote ya rangi moja ya shaba. Hawakuyauza. Waliwakopesha raia 203, kila mmoja miezi mitatu, wakitaka maoni tu. Jirani yao alikuwa mmojawapo. Anasema mlio wake ulikuwa kama mashine ya kufagia zulia iliyoko chumba cha pili, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wanalikimbilia. Liliweza kwenda kwa dizeli, kwa mafuta ya taa, hata kwa tekila: Rais Adolfo López Mateos wa Mexico alilijaribu hivyo. Kilicholisumbua ni petroli ya kawaida ya siku zile, kwa sababu ya madini ya risasi yaliyokuwa ndani yake. Shemeji alitikisa kichwa. Kwetu mafuta ya taa kwenye tangi la gari ni uchakachuaji na ni kesi; hapa ndiyo kilikuwa chakula chake. Jaribio lilipokwisha, Chrysler waliyaponda karibu yote. Ukijumlisha na matano ya majaribio yalikuwa 55, yakabaki tisa. Mzee aliporudia ile tisa alikuwa anaangalia chini.

Mchana wakatuonyesha upande ambako Black Ghost alikuwa akitokea. Ilikuwa Dodge Challenger ya 1970, nyeusi, injini ya Hemi, paa la ngozi yenye magamba kama ya mamba. Ilikuja usiku, ikawashinda wote, ikatoweka, na wiki nyingi hazikuonekana hata taa zake. Mwenyewe alikuwa Godfrey Qualls, askari polisi wa Detroit, ndiyo maana hakutaka kujulikana. Alilificha gereji miaka mingi, hakuliuza kwa bei yoyote, akamwachia mwanawe alipofariki mwaka 2015. Mwaka 2023 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja. Wazee walizungumza juu ya Qualls kwa heshima ambayo sikuitegemea. Huyu alikuwa mtu mweusi wa mji huu, na kila aliyeshindwa naye leo anajivunia kushindwa naye.

Lakini gari langu la siku hii ni Mercury. Ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa benki, ya 1950, zambarau karibu nyeusi, imekatwa paa. Kukata paa ni hivi: unapunguza nguzo za madirisha inchi kadhaa ili paa lishuke. Inaonekana rahisi hadi ujaribu. Nguzo zimelala, kwa hiyo ukishazikata, paa lililoshuka halikutani tena na nguzo zake. Unalazimika kulipasua paa lenyewe na kuongeza bati, mbele hadi nyuma. Vioo vyote unavikata upya. Kisha maungio yote unayafunika kwa risasi iliyoyeyushwa, unaitandaza ikiwa laini kama uji mzito kwa kibao cha mbao kilichopakwa mafuta ya mnyama, halafu faili, polepole. Puti ya kopo ilikuja baadaye. Aina hii ya kazi ilipata umaarufu kwa Mercury ya 1951 ambayo ndugu wawili, George na Sam Barris, walimtengenezea Bob Hirohata kule California mwaka 1952: kijani juu ya kijani, ubavuni urembo wa Buick, nguzo za katikati zimeondolewa kabisa. Mwanafunzi mmoja aliinunua dola 500 ilipokuwa imechoka na haina wa kuijali, akakaa nayo maisha yake yote, na Januari 2022 ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni mbili.

Mwenye hii ya zambarau alikuwa mama wa makamo, aliyeirithi kwa baba yake aliyeikata mwenyewe. Alinitazama nilivyokuwa ninainama kuangalia mwanga kwenye ubavu. Akaniambia, "Funga mlango." Nikaufungua, nikaufunga. Akaniambia rudia, safari hii usisukume.

Nikauachia tu.

Jumapili: Hickory Corners

Mvua tangu alfajiri. Makumbusho ya Gilmore yako shambani kabisa, mabanda mekundu makubwa yametapakaa kwenye nyasi, na kati ya banda na banda tulikimbia tukilowa. Lipo hata mgahawa wa 1941 uliohamishwa mzima kutoka Connecticut. Tulikula mayai humo tukisikiliza mvua kwenye bati.

Katika nyumba ya Cadillac tulikaa na bwana mmoja wa kujitolea aliyetupa habari za Eldorado Brougham ya 1957 na 1958. Bei yake ilikuwa dola 13,074, ghali kuliko Rolls-Royce Silver Cloud ya wakati ule, na yalitoka 704 kwa miaka miwili. Paa ni chuma kisichoshika kutu, kimeachwa bila rangi. Ndani kulikuwa na vikombe vya sumaku na chupa ya manukato ya Lanvin. Springi zake zilikuwa za hewa na zilivuja, wengi wakaishia kuzing'oa na kuweka springi za kawaida. Anayezibakiza za hewa leo anaheshimiwa na wenzake.

Jioni nilimpigia mwanangu. Akaniinulia kamera kigari chake cha kuchezea, kile bapa kisicho na milango. Nikamwuliza jina lake, akasema Deora. Kumbe! Nilikuwa nimekisikia jana Woodward na sikukifungamanisha. Deora ni gari la kweli, liliundwa hapa Detroit na ndugu Mike na Larry Alexander kutokana na pikapu ya Dodge A100, michoro ya Harry Bentley Bradley, na mwaka 1967 lilishinda tuzo ya Ridler, kubwa kuliko zote kwa magari ya aina hii. Unaingilia mbele: kioo kinainuka juu, kibamba cha chini kinafunguka kama geti. Kioo hicho chenyewe ni cha nyuma ya Ford ya familia. Mwaka 1968 kikawa kimoja cha vigari 16 vya kwanza vya Hot Wheels. Mwanangu alinyamaza, akakiangalia, akaniuliza kama mtu anaweza kulowa akiingia humo wakati wa mvua. Nikamwambia analowa.

Jumatatu: South Bend, Indiana

Tumepita haraka. Studebaker walianza 1852 kwa mikokoteni, na makumbusho yao yana gari la farasi lililompeleka Rais Abraham Lincoln kwenye ukumbi wa michezo usiku aliouawa. Nilikuja kwa ajili ya Avanti, kazi ya mbunifu Raymond Loewy na vijana wake, bodi ya faibaglasi isiyo na grili mbele. Zilitoka 4,643 tu, na Desemba 1963 kiwanda cha hapa kikafungwa. Gari zuri, safi. Lakini faibaglasi hutoka kwenye kalibu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu saa za kufika Auburn.

Jumanne: Auburn, Indiana, kisha nyumbani

Jengo lenyewe lilikuwa makao makuu ya kampuni ya Auburn, la 1930, sakafu ya mawe yaliyosagwa na kung'arishwa, taa za dari kama maua. Wateja waliingia kwa mlango huu huu kuchagua magari.

Kiwanda cha Duesenberg, kilichokuwa Indianapolis, kwa kawaida hakikuuza gari zima. Kiliuza chesisi na injini, dola 8,500 bila bodi, na wewe mwenye fedha ulikwenda kwa fundi unayemtaka: Murphy wa Pasadena, Rollston wa New York, Derham, Judkins. Injini ya Model J ya 1928, silinda nane mstari mmoja, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 265, wakati Ford ya mtu wa kawaida ilikuwa na 40. Shemeji alikuwa kimya kama yuko msikitini. Model J zilitoka kama 480, na karibu kila moja ina sura yake. Za SSJ, fupi na zenye supachaja, zilikuwa mbili tu, zikachukuliwa na waigizaji wa Hollywood, moja Gary Cooper na moja Clark Gable; ya Cooper iliuzwa dola milioni 22 mwaka 2018. Kampuni ilikufa 1937.

Nilipita pia kwa Cord ya 1936, ile aliyoichora Gordon Buehrig, taa zake zimejificha ndani ya madigadi na unazitoa kwa kuzungusha mpini ndani ya gari, mmoja kulia, mmoja kushoto. Lakini nilirudi kwenye Duesenberg. Niliinama kwenye kamba, nikafuata kwa macho ule mstari unaoanza kwenye boneti, unavuka mlango wa mbele, mlango wa nyuma, hadi buti. Milango miwili, mapengo matatu, na mstari haukuvunjika.

Tumefika Columbus saa tano usiku. Dar ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, nikajua mzee wangu ameshaswali. Nikampigia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeyaona?"

Nikamsimulia Greenfield, nikamsimulia risasi inavyotandazwa kwa kibao cha mbao, ule mstari wa Duesenberg. Hakunikatiza. Mwishoni akauliza, "Na mlango? Unafungwaje?"

Nikamwambia wa Duesenberg sikuruhusiwa kuugusa. Lakini ile Mercury iliyokatwa na baba wa yule mama, nilifungua, nikauachia, ukaenda wenyewe, ukalia mara moja tu.

"Mara moja?"

"Mara moja."

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe chake. "Basi," akasema, "huyo alilipima pengo kabla hajakata paa."